Profesa na Nyumba Isiyokwisha

Tai yake ilikuwa ya kijani kibichi, na hakuivua hata katika miaka ile ambayo tai iliweza kumtia mtu matatani. Tulimwita Profesa. Sijui kama kuna chuo kilichowahi kumpa cheo hicho. Alikuwa amesomea Ufaransa usimamizi wa miradi ya ujenzi hadi shahada ya uzamili, akarudi Komoro na sanduku la vitabu, na kwa Moroni ya wakati ule hilo lilitosha. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake bora. Nasema hivyo bila kujivuna, maana tulianza watatu, wenzangu wawili wakapata njia ya kwenda Marseille, nikabaki peke yangu. Nikawa wa kwanza darasani na wa mwisho pia, na Profesa hakuacha kunikumbusha hiyo nafasi ya pili.

Darasa letu lilikuwa stoo ya zamani nyuma ya Badjanani, ule mji mkongwe wa Moroni wenye vichochoro ambavyo watu wawili wanene wakikutana lazima mmoja arudi kinyumenyume. Tulipopata uhuru, wahandisi wa Kifaransa waliondoka kwa hasira na meza zao za kuchorea, rula zao, na watu husema hata balbu. Serikali mpya ikajikuta ina nchi ya kujenga na haina wa kusimamia ujenzi, ndipo ikafungua kozi ya uzamili humo stooni. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam na shahada yangu ya kwanza ya uhandisi, miwani ya jua, na Kiswahili ambacho hadi leo ndicho ninachoandikia mambo ninayotaka kuyacheka. Niliamini nchi nzima inanisubiri mimi. Nilipofika stooni nikakuta kinachonisubiri ni ndoo na ufagio, kwa sababu Profesa hakufundisha penye vumbi.

Alikuwa na maneno yake ambayo hakuchoka kuyarudia. Ukimwambia utaleta kazi kesho, alikutazama juu ya miwani na kusema, "Kesho si tarehe." Ukimwambia umekaribia kumaliza, aliuliza, "Umekaribia wapi? Nionyeshe kwenye chati." Mradi, kwa maelezo yake, ni kazi yenye mwanzo na mwisho, na kazi isiyo na mwisho haiitwi mradi, inaitwa ugonjwa. Alitufundisha kuchora mfuatano wa kazi tangu msingi hadi rangi, kisha kuitafuta humo ile aliyoiita njia kuu, yaani zile kazi ambazo moja ikichelewa, jengo zima linachelewa. Mimi nilizipenda zile chati kupita kiasi. Niliweka wino wa rangi tatu, nikamchorea mama yangu chati ya kupika pilau, akaitumia kufunikia chungu.

Profesa alipenda kufundishia nje. Siku moja, wakati bado tuko watatu, alitupeleka bandarini, ambako meli kubwa hazifiki gatini. Hutia nanga mbali na shehena hushushwa kwa mashua. Saruji ya serikali ilikuwa imeshushwa hivyo hivyo siku ya bahari chafu. Mifuko ilikuwa imepangwa vizuri ukutani, imelowa, imekauka, imegeuka mawe. Profesa akaniambia niupige teke mmoja. Mimi, mhandisi wa Dar, nikaupiga kwa nguvu zangu zote nikiwa nimevaa kandambili. "Hiyo," akawaambia wenzangu huku nikirukaruka kwa mguu mmoja, "inaitwa hatari ya mradi. Aliyesoma haipigi teke." Nilichechemea kwa muda mrefu, na watu wa Badjanani wakanipa pole wakidhani nimeangukiwa na jengo.

Usidhani alikuwa mtu wa hesabu tupu. Darasani alitueleza ajali kwa kanuni za uwezekano, lakini tulipopanda ile ndege ndogo ya kwenda Ouani, katika kisiwa kingine, karibu na kwao Mutsamudu, alisoma Yasini kwa sauti tangu magurudumu yanaondoka hadi yanagusa chini, na akamkaripia rubani kwa kugeuza shingo. Alihubiri kuokoa muda, na hapo hapo akamsimamisha kila mzee kichochoroni kuulizana hali za watu wa nyumbani mpaka mbuzi. Alidai hali wali mchana kwa kuwa unaleta usingizi. Alilala hata hivyo, ameketi wima, na akiamka aliendelea na sentensi ile ile alipoiachia.

Lakini palipokuwa na Profesa wawili kabisa ni kwenye harusi. Rais wa wakati ule, ambaye watu walimwita Mongozi, alikuwa ameamua kuigeuza nchi juu chini. Makarani waliambiwa waende makwao, majalada yakachomwa moto, na vijana waliotoka juzi tu sekondari wakapewa kamati na bunduki waendeshe mambo. Katika majalada yale ilikuwemo rasimu yangu ya kwanza ya tasnifu, ambayo nadhani ndiyo tasnifu pekee visiwani iliyowahi kutoa joto. Mongozi akapiga marufuku pia harusi kubwa, ile tunayoiita ada, ng'ombe na dhahabu na karamu za siku nyingi, kwa kuwa iliwafilisi watu. Kwetu mwanamume asiyeifanya hahesabiwi mtu mzima hata awe na mvi. Profesa darasani aliunga mkono marufuku hiyo kwa ufasaha mkubwa. Aliiita ada mradi ambao bajeti yake haina dari. Ijumaa ilipofika alivaa joho lake la dhahabu alilolivaa kwenye ada yake mwenyewe, tai ikichungulia shingoni, akaenda kuketi na waheshimiwa safu ya mbele msikitini.

Na kisha ilikuwepo nyumba.

Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mtoto wa kike akizaliwa, baba huanza kujenga, na siku ya harusi bwana harusi ndiye anayehamia kwa mke, akiongozwa kwa ngoma hadi mlangoni. Profesa alikuwa na binti mmoja, Zaituni, na alianza kumjengea Mutsamudu alipokuwa bado mchanga. Zaituni alikuwa sasa anafundisha shule ya msingi, na nyumba ilikuwa bado inajengwa. Chini palikuwa pamekamilika. Juu palikuwa na kuta bila dari, nondo zilizoshika kutu, na ngazi iliyopanda vizuri halafu ikaishia hewani. Mlango wa kuchonga ulikuwa umefika kabla ya ukuta wake, ukaegemezwa ukumbini miaka na miaka, paka wakizalia nyuma yake. Mtu akimwuliza Profesa nyumba itakwisha lini, yule mtu wa kesho si tarehe alijibu, "Kesho, inshallah."

Mimi nikaichagua nyumba hiyo kuwa mada ya tasnifu yangu mpya. Nilifikiri ni ujasiri. Profesa aliposikia alikohoa kwa muda, kisha akasema, "Chagua jengo jingine, bwana. Hilo halina data." Sikumsikiliza. Nikahamia Mutsamudu kwa jamaa wa mama yangu, nikaingia katika nyumba ile kila siku na futi kamba, timazi na pima maji, nikiandika.

"Ukuta huu uliupima jana," Zaituni aliniambia siku moja, amebeba madaftari ya wanafunzi wake.

"Nahakikisha."

"Ulikuwa umesogea?"

Siku iliyofuata niliupima tena. Na ya pili yake. Futi kamba zangu zote zikawa zinaishia karibu na dirisha ambalo yeye alisahihishia kazi. Alikuwa mcheshi na hakuwa na subira na watu wanaosema maneno mengi, yaani mimi na baba yake. Nilimpenda, na niliposhindwa kuficha nikamtuma mjomba wangu atoke Moroni aje kuposa.

Jibu lilikuwa ndiyo. Mama yake Zaituni na ndugu zake wa kiume, wale wajomba ambao kwetu ndio wenye sauti juu ya ndoa ya mpwa wao, walikubali kwa masharti mawili: nyumba iishe kwanza, na ndoa iwe ya ada kamili, Mongozi atakapoondoka au atakapobadili mawazo. Profesa ndiye aliyeniletea habari, uso umenyooka kabisa. Akaongeza jambo ambalo mimi, mzaliwa wa Badjanani, nilipaswa kulijua kuliko mtu yeyote. Mchumba haingii katika nyumba ya mke wake mpaka siku ya kuingizwa rasmi. Nilikuwa nimeingia humo hata mende wananifahamu, lakini hayo yalikuwa kabla ya posa, yakasamehewa. Tangu siku ile nilikatazwa kuvuka kizingiti. Kwa maneno mengine, niliposa asubuhi, na alasiri nikawa nimefukuzwa kwenye mradi wangu mwenyewe.

"Sasa nitasimamiaje?" nikamwuliza.

"Usimamizi ni wa akili," alisema Profesa. "Tafuta paa."

Nikatafuta. Jirani wa upande wa pili wa kichochoro alinipa paa lake, nikapanda kila siku na chati yangu na kipande cha bati nilichokikunja kuwa tarumbeta, nikawapigia mafundi kelele kutoka juu. Mafundi walinijibu kwa adabu na kufanya walichotaka. Watoto walinizoea. Bibi mmoja alianika mihogo karibu nami akaniomba nifukuze kuku, kwa kuwa niko pale pale. Nilichora chati upya, na kule mwisho kabisa upande wa kulia, baada ya rangi, nikaandika kwa wino mwekundu: bwana harusi anaingia. Kila kazi iliyochelewa, nami nilichelewa. Niliisomea njia kuu darasani bila kujua inavyouma ukiwa wewe ndiye uliyesimama mwishoni mwake.

Na kila kitu kilichelewa. Saruji haikupatikana, ikipatikana, mchanga ulikuwa haujafika, mchanga ukifika, Profesa alikuwa Moroni. Nikimwomba tarehe ya kumwaga zege la dari, aliniambia kesho, inshallah. Zaituni alikuja dirishani siku moja, nami nipo juu ya paa na kuku.

"Unajua nini kinachelewesha?" akaniuliza.

Nikaanza kumweleza habari za saruji na mchanga. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akafunga dirisha.

Halafu Profesa akatoa tarehe. Alifika kutoka Moroni, tai ile ile, akasimama kichochoroni akaniita chini. "Jumapili ijayo," alisema. "Tunamwaga zege." Nilijua ni chati yangu ya mwisho iliyomshawishi. Ilikuwa na rangi nne.

Kumwaga zege la dari kwetu si kazi ya mafundi peke yao. Mtaa mzima unakuja. Wanaume wanachanganya kwa koleo, karai zinapita kichwa kwa kichwa hadi juu, ngoma zinapigwa ili mikono isilegee, wanawake wanapika sufuria kubwa kubwa na kupiga vigelegele kila ubao mmoja unapojaa. Jumapili ile walikuja wote. Wajomba wa Zaituni walikunja suruali wakashika koleo. Mimi nilikuwa juu ya paa langu, nimevaa shati jeupe kwa ajili ya wakwe, napiga kelele kwenye bati, na kwa mara ya kwanza kazi ilikwenda sawa na chati.

Ndipo vijana wa kamati walipoingia kichochoroni. Walikuwa wachache, na kiongozi wao alikuwa na ndevu mbili tatu na bunduki. Waliona sufuria, wakasikia ngoma. Ngoma zikanyamaza.

"Hii ni ada," alisema yule kijana. "Mnafanya harusi iliyokatazwa."

Kila mtu alijua maana yake. Chakula kingemwagwa, wazee wangeburutwa mitaani, na kama wangejua kwamba mchumba yupo na posa imepita kwa sharti la ada, familia yote ingekuwa hatarini. Profesa akasogea mbele akarekebisha tai. "Kijana wangu," alisema, "huu ni mradi wa ujenzi." Kisha akaagiza chati yangu iteremshwe kutoka kwenye paa kwa kamba, akaitundika ukutani, akaanza kufundisha. Aliwaeleza msingi. Aliwaeleza tofauti ya kazi na tukio. Aliwauliza maswali. Vijana wale walikuwa na bunduki lakini walikuwa wametoka shule juzi tu, na mwalimu akiuliza swali walikuwa bado wanainamisha macho. Zege lilikuwa linaanza kukauka. Niliogopa kwa kweli, na hata katika woga ule niliona fahari kidogo kwamba hatimaye chati yangu inasomwa.

Kiongozi wao akaniona. "Na yule juu ya paa ni nani?"

Kichochoro chote kikanigeukia.

"Mwanafunzi wangu," alisema Profesa.

"Mbona hafanyi kazi kama wengine? Ashuke. Abebe karai aingie ndani."

Nilimtazama Profesa. Nikiingia, nimeingia: bila joho, bila ngoma ya kuniongoza, bila mzee wa kunishika mkono, na uingiaji ule haurudiwi. Ada yangu ingekuwa imekufa pale pale. Nikikataa, wangeuliza kwa nini. Wajomba waliinamisha nyuso. Profesa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai bila haraka yoyote, akaivaa.

"Umesikia," alisema. "Shuka. Ingia."

Nikashuka. Mtu akanitwika karai la zege, likachuruzika hadi kwenye shati la wakwe. Nilivuka kizingiti nikiwa nimeinama, kitu kibichi kikiniingia sikioni. Zaituni alikuwa amesimama ukumbini karibu na ule mlango wa kuchonga. Na hapo shangazi yake mkubwa, dada wa Profesa, ambaye tangu asubuhi hakuwa ameonekana, akapiga kigelegele kirefu sana, wanawake wote wakamfuata, na ngoma zikaanza tena. Vijana wa kamati, kwa nilivyoona, walidhani tunashangilia zege. Baada ya muda mmoja wao alijitwisha karai.

Dari ilimwagwa yote. Jioni ile, wageni walipoondoka, mama yake Zaituni aliwaambia ndugu zake kwamba mji mzima umeona mchumba akiingia na vigelegele vikapigwa, sasa wanataka binti akae hivyo hivyo? Tukafungishwa ndoa wiki ile ile, msikitini, watu wachache, pilau lililobaki. Profesa aliipitisha tasnifu yangu akasema mradi umekamilika, jengo bado. Nilidhani ananitania. Mongozi alipoangushwa, kozi yetu haikutambuliwa na mtu yeyote, nikabaki na shahada ya uzamili ya stoo. Ada zikarudi kwa kishindo. Wenzangu waliifanya, mimi sikuweza, kwa kuwa nilikuwa nimeshaingia. Hadi leo nikienda Moroni kwenye karamu, na mvi zangu hizi, wananipa kazi ya kugawa nyama pamoja na vijana.

Nilimwona Profesa kwa mara ya mwisho akiwa na akili yake timamu katika nyumba ile ile, juu, chini ya dari ile. Nondo za ghorofa inayofuata bado zilikuwa zimesimama. Alikuwa amedhoofu, macho hayaoni mbali, na Zaituni ndiye aliyemfunga tai kila asubuhi.

"Kwezi, Profesa," nilimsalimia, kama kwetu mdogo anavyomsalimia mkubwa.

"Mbona," akaitikia, kama mkubwa anavyojibu.

Nikamwambia nimetoka Moroni, nimegawa nyama tena. Nikamwuliza, nusu mzaha, swali lililokuwa likinikaa kooni miaka yote: siku ile nilihesabiwa kuingia, au niliingiza zege tu?

Alifumba macho, nikadhani amelala wima kama zamani. Kisha akasema, "Walikuja mapema."

"Nani?"

"Vijana. Niliwaambia adhuhuri. Dada yangu, wa kupiga kigelegele, alikuwa hajafika. Ilibidi niwasomee ile chati yako mpaka afike." Akafikiri. "Ndefu ile. Ilisaidia."

Sikuelewa, halafu nikaelewa yote kwa pamoja, nikakaa chini. Alikuwa amemwendea yule kijana mwenyewe, akamwambia kama anataka kuiua ada moja bila kumpiga mtu, aje Jumapili amwamuru yule wa juu ya paa aingie ndani. Wajomba wasingekubali kamwe ndoa ndogo, aliniambia. Na ile kubwa, nani alijua ingeruhusiwa lini. Msichana alikuwa anazeekea dirishani, na baba yake alikuwa anajificha nyuma ya saruji na mchanga kwa sababu aliogopa kugombana na shemeji zake.

"Zaituni aliniambia, 'Baba, kesho si tarehe,'" alisema Profesa. "Maneno yangu mwenyewe. Nikampa tarehe. Maishani mwangu ndio mradi pekee niliomaliza siku niliyosema."

Zaituni alikuwa ameingia na chai. Nikamgeukia nikamwuliza kama alijua.

"Nani unadhani alimwambia shangazi aje adhuhuri, apige kigelegele?" alisema, akampa baba yake kikombe, akamshikisha vidole mpaka akakikamata vizuri.

Profesa alikunywa, kisha akageuza uso kuelekea niliko, akitabasamu.

"Na wewe, bwana," aliniuliza, "kule juu ya paa ulidhani unasimamia nini?"